Wanne Waliobaki Luanda



Ndugu zangu wa Kikole na wa vigango jirani, Injili ya Dominika hii ni fupi, mistari sita tu ya kufunga sura ya kwanza ya Marko. Mtu mwenye ukoma anamwendea Yesu, anapiga magoti na kuomba atakaswe. Yesu anamhurumia, ananyosha mkono na kumgusa. Somo la kwanza, kutoka Mambo ya Walawi, limekwisha kutueleza mtu huyu ametokea wapi. Ametokea nje ya kambi. Sheria ilimtaka aishi peke yake, avae mavazi yaliyoraruka, aache nywele bila kuzitunza, na akiona watu wanakaribia apaze sauti kuwaonya kwamba yeye ni najisi. Hebu fikirini: mtu analazimishwa kuwa mpiga mbiu wa aibu yake mwenyewe.

Siwezi kuyasoma masomo haya bila kukumbuka siku yaliposomwa 14 Februari 2021. Dominika hiyohiyo timu ya mkoa wetu, Namungo FC ya Ruangwa, ilikuwa icheze Luanda, Angola, dhidi ya Primeiro de Agosto. Ilikuwa mechi ya kwanza ya mchujo wa kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi haikuchezwa. Msafara ulipofika ulipimwa korona, wachezaji watatu na kiongozi mmoja wakakutwa na virusi, na mamlaka za kule zikaagiza timu iwekwe karantini. Vijana waliovuka bara zima kwenda kucheza mpira wakafungiwa ndani, huku sisi huku Lindi tukiwa kanisani tunasoma habari za mtu aliyewekwa nje ya kambi.

Wale ambao hawafuatilii mpira wanivumilie kidogo, maana bila kuijua safari ya timu hii hatutaelewa uzito wa siku ile.

Namungo ni jina la kata ya Ruangwa, sehemu ya wachimbaji wa dhahabu. Msimu wa 2019/20 ndio uliokuwa wa kwanza kwa timu hiyo Ligi Kuu, na wengi walidhani itapanda na kushuka kama zilivyofanya nyingine. Kocha Thierry Hitimana alikuwa na kikosi cha watu ambao majina yao hayakuwa yakiimbwa redioni: Relliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise mbele, Lucas Kikoti katikati, Edward Manyama beki ya kushoto. Mashabiki wakawaita Wauaji wa Kusini. Mimi padre wenu jina hilo silipendi, ila naelewa lilikotoka. Watu wa kusini wamezoea kutajwa mwisho, na kwa mara moja walitaka kutajwa kwa sauti inayotisha.

Kazi waliyoifanya ilikuwa kubwa. Ligi ilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi Juni, na wao wakarudi na nguvu zilezile. Julai, Simba walikuja Ruangwa wakiwa tayari ni mabingwa, wakakabidhiwa kombe lao palepale Uwanja wa Majaliwa, lakini bao hawakupata: mechi iliisha bila kufungana. Namungo wakamaliza msimu katika nafasi ya nne. Msimu huohuo majirani zetu Ndanda wa Mtwara walishuka daraja, na sikusikia watu wengi wakiwalilia.

Kisha likaja jambo ambalo nimelitumia mara kadhaa kwenye mafundisho ya kipaimara. Kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Namungo waliitoa Sahare All Stars ya Tanga katika nusu fainali. Fainali ikachezwa Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela, 2 Agosti 2020. Manyama alifunga, lakini Simba wakashinda mabao 2 kwa 1. Namungo walirudi Ruangwa bila kombe, ila walikuwa na safari ya Afrika mkononi. Simba, kwa kuwa ni mabingwa wa ligi, walikuwa na nafasi yao kwenye Ligi ya Mabingwa, hivyo nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikawaangukia walioshindwa. Ndugu zangu, ninyi mnaokuja kuungama na kusema hamstahili, sikilizeni hapo. Timu yetu haikwenda Afrika kwa sababu ilishinda fainali. Ilikwenda kwa sababu ilifika fainali, ikapigana, ikafungwa, na mlango ukafunguliwa na mwingine. Wakristo tuna neno letu la jambo kama hilo. Tunaliita neema, na tunalitamka kila siku bila kulitazama.

Basi wakaanza safari. Waliiondoa Al Rabita ya Sudan Kusini, wakaiondoa Al Hilal Obeid ya Sudan. Wakati huo timu ilikwisha kukabidhiwa kwa Hemed Suleiman, ambaye wapenzi wa mpira humwita Morocco, huyuhuyu aliyekuja kuiongoza Taifa Stars kwenye AFCON ya mapema 2024. Ikabaki ngazi moja tu, na ngazi hiyo ilikuwa Luanda.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawalaumu watu wa Angola. Ugonjwa ule uliua, na anayelinda afya ya watu wake anafanya kazi ya Mungu. Hata sheria zile za Mambo ya Walawi hazikuandikwa kwa ukatili. Ziliandikwa kwa hofu ya kweli, kwa kambi iliyojaa watoto. Kumtenga mgonjwa ili wengine wasiugue ni tahadhari. Dhambi huanza pale tahadhari inapokwisha na mtu akaachwa hukohuko, jina lake halitajwi tena, sahani yake haiwekwi tena.

Baada ya siku za mvutano, wengi wa msafara waliruhusiwa kurejea nyumbani. Wanne wakabaki. Shirikisho la Afrika likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza ilichezwa 21 Februari, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, na Namungo wakashinda 6 kwa 2. Siku nne baadaye wakafungwa 3 kwa 1, lakini jumla ilikuwa 7 kwa 5, na timu ya Ruangwa ikaingia hatua ya makundi, jambo ambalo kabla yao lilikuwa limefanywa na Simba na Yanga tu katika nchi yetu.

Sita kwa mbili! Nakumbuka kelele. Vibanda umiza vilijaa, bodaboda zilipiga honi mpaka usiku, na waliokuwa wamefunga nyama siku ya Jumatano ya Majivu walijisahau kidogo. Sikuwakataza kushangilia, na hata leo nisingewakataza. Ila kuna swali ambalo lilinijia siku ile na halijaniacha. Kati ya sisi sote tuliopiga kelele, nani alikuwa akiwawaza wale wanne? Wako mbali, katika chumba cha nchi ya lugha ngeni, wakisubiri kipimo. Wenzao wanacheza mechi ambayo wao waliisafiria. Sina shaka viongozi wa timu waliwawaza, na familia zao hazikulala. Nasema juu yetu sisi tuliojiita wenye timu.

Tazameni sasa Marko anavyomaliza. Watu husoma mpaka pale ukoma unapoondoka, wakafunga kitabu. Mstari wa mwisho ndio unaonitia woga. Yule aliyeponywa anakwenda kutangaza habari kila mahali, na matokeo yake Yesu hawezi tena kuingia mjini waziwazi. Anakaa nje, mahali pasipo na watu. Mmeona kilichotokea? Mwanzoni mgonjwa yuko nje na Yesu yuko ndani. Mwishoni mgonjwa yuko ndani na Yesu yuko nje. Wamebadilishana mahali. Kumgusa mtu yule hakukuwa bure, kulikuwa na gharama, na Yesu aliilipa kwa kwenda kukaa pale mwenzake alipokuwa akikaa.

Hapa pwani tumewahi kuona jambo linalofanana na hilo kwa macho. Kaskazini yetu, Rufiji, kuna kijiji cha Kindwitwi, kilichokuwa makazi ya watu wenye ukoma. Kasisi wa Kianglikana, Robin Lamburn, alihamia kuishi nao, akazeekea kwao. Hakuwa wa Kanisa letu Katoliki, na wengi wa aliowahudumia walikuwa Waislamu kama walivyo wengi wa jirani zetu Kilwa. Alikaa nao tu. Leo ukoma una dawa, inatolewa bure hospitalini, mgonjwa anameza kwa miezi sita au mwaka na anapona. Anayejua jamaa mwenye baka lisilo na hisia kwenye ngozi namsihi ampeleke zahanati mapema, asingoje vidole vipinde. Dawa ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumsindikiza.

Nirudi kwenye timu. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 30, Daudi anawafukuza maadui walioteketeza mji wa Siklagi na kuteka familia zote. Anakwenda na watu mia sita, lakini mia mbili wanachoka kabisa wanapofika kijito cha Besori. Wanabaki pale na mizigo. Wale mia nne wanaendelea, wanashinda, wanarudi na nyara. Njiani baadhi yao wanasema waliobaki wasipewe kitu. Wachukue wake na watoto wao waende zao. Daudi anakataa. Anaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyebaki kwenye mizigo ni moja, na kuanzia siku hiyo hilo likawa agizo katika Israeli. Wapo wanaomsifu Daudi kwa Goliathi. Mimi namheshimu zaidi kwa siku ile ya Besori. Kombeo hata kijana mwenye shabaha anaweza. Kugawa sawasawa mbele ya washindi wenye hasira kunataka moyo wa mfalme.

Kwa kipimo hicho, mabao sita ya Dar es Salaam yalikuwa pia ya wale wanne wa Luanda. Na kwa kipimo hichohicho kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo wengi wetu hatupendi kuisimulia.

Kwenye makundi Namungo walipangwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Walicheza mechi sita, wakafungwa zote sita. Hata pointi moja hawakupata. Katikati ya mechi hizo, 17 Machi 2021, taifa likampoteza Rais John Magufuli, na nchi nzima ikaingia kwenye maombolezo. Vijana wale walicheza sehemu ya msimu wao katika nchi yenye bendera nusu mlingoti. Mechi zao za nyumbani zilikuwa Dar es Salaam, mbali na Ruangwa, mbali na mama muuza mihogo wa pale nje ya Uwanja wa Majaliwa aliyewapigia vigelegele tangu mwanzo. Raja waliowafunga ndio waliokuja kutwaa kombe lenyewe Julai mwaka huo. Kufungwa na bingwa si fedheha, lakini jaribu kumweleza hivyo shabiki aliyelipa kiingilio cha kibanda umiza.

Mechi ya kwanza watu walijaa. Ya tatu wakapungua. Ya sita, nimeambiwa na vijana, mwenye kibanda aliwasha chaneli nyingine. Waliokuwa wakisema "tumeshinda" wakaanza kusema "wamefungwa". Sisi wote tulisikia badiliko hilo la kiambishi, na nadhani Mungu pia alilisikia. Timu ileile, watu walewale waliotoka Luanda, sasa wakawa nje ya kambi, safari hii bila ugonjwa wowote. Walikuwa wameshindwa tu.

Nilisoma habari za timu moja ya Japani, Vegalta Sendai. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya tsunami vilipiga pwani yao na kuua maelfu ya watu. Ligi ikasimama. Iliporudi, 23 Aprili, Vegalta walicheza ugenini Kawasaki wakiwa na kocha wao Makoto Teguramori, wakatangulia kufungwa, kisha wakashinda 2 kwa 1. Msimu ule walimaliza nafasi ya nne, kama Namungo wetu, na mwaka uliofuata wakawa wa pili. Kinachonigusa ni mashabiki waliosafiri siku ile ya Kawasaki kutoka mji uliokuwa bado unatafuta miili ya watu wake. Walikwenda kwa sababu wale vijana walikuwa wao. Kama wangefungwa mabao matano, bado wangekuwa wao. Sisi wa Kilwa tunaweza kuelewa hilo kuliko wengi. Mwishoni mwa Januari 2020, msimu uleule wa kwanza wa Namungo, mafuriko yalipita wilaya yetu. Njinjo na Nanjirinji watu walipoteza nyumba, mashamba na ndugu. Tunajua thamani ya mtu anayekuja wakati maji bado hayajakauka, na tunawakumbuka kwa majina waliokuja na waliokawia.

Basi tuje nyumbani, Kikole.

Kijiji chetu kina sifa ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 2009, sisi na wenzetu wa Kisangi tulikuwa wa kwanza Afrika nzima kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo unachukua miaka 70 au zaidi mpaka ufae kuvunwa, kwa hiyo kila gogo linalouzwa ni urithi kutoka kwa watu ambao hawakuishi kuuza hata tawi. Na fedha inapoingia kwenye mfuko wa kijiji, haiulizi nani aliweza kutembea mpaka msituni. Mzee asiyeona ana haki nayo sawa na kijana mwenye shoka. Agizo la Daudi tayari tunalo, tumelipitisha wenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukalitia muhuri. Naumia tunapolishika kwenye magogo na kuliacha kwenye watu.

Maana wapo waliobaki Luanda hapahapa kijijini. Yupo kijana anayemeza dawa za kifua kikuu, na wenzake waliacha kumpa mkono hata baada ya mganga kuwaambia hana tena hatari ya kuambukiza. Yupo binti aliyerudi kutoka Dar es Salaam na ujauzito, alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, sasa anasali nyuma kabisa na kuondoka kabla ya baraka. Wapo wanaume waliotoka kifungoni ambao hakuna anayewaalika kwenye kahawa ya jioni. Na yupo mlinda mlango wa timu yetu ya vijana aliyevunjika mguu kwenye ndondo ya mwaka jana. Tulimbeba uwanjani kwa mbwembwe, tukamchangia nauli ya hospitali, tukamaliza. Mguu haukuunga vizuri. Tangu hapo anaangalia mazoezi kutoka barazani kwao, na mpira ukitoka nje ukamfikia anaurudisha kwa mkono.

Siwatajii majina. Mnawajua, na wao wanajua kama mnawajua.

Alhamisi jumuiya ndogondogo zitakapokutana, naomba kabla ya kusoma masomo mfanye jambo moja. Kila jumuiya ihesabu nani hayupo, tangu lini, na nani atakayekwenda kwake kabla ya Dominika. Asiende mtu kumhubiria. Akae, anywe chai, asikilize. Ikiwa aliyetengwa ni Mwislamu, aendewe vilevile, na nimekwisha kuzungumza na sheikh wetu, naye atawaambia wake jambo hilohilo baada ya swala ya Ijumaa.

Jumamosi timu ya vijana inacheza fainali ya mbuzi. Nimemwomba nahodha aandike kwenye karatasi ya kikosi majina ya wachezaji wote, na la mlinda mlango aliyeumia liwepo, na akae benchi na jezi yake mgongoni. Mbuzi akipatikana, ugawaji uwe wa Besori: fungu la mlinda mlango lilingane na la mfungaji, na kijana wa dawa za kifua kikuu apelekewe nyama yake ingali na joto, maana dawa zile zinataka mtu ale vizuri. Mbuzi asipopatikana, mama wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu wamekubali kupika supu ya kuku, na ratiba ya kuipeleka haibadiliki.